Umemruka Buku

Mwezi wa nane nilipewa zamu ya kuwasomea watoto hadithi kwenye kibanda cha maktaba, kile chenye turubai lililochanika upande mmoja. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeliwa na mchwa kurasa za katikati, kwa hiyo nikakiweka chini na kuwasimulia kwa mdomo ile hadithi ya Sungura na asali ya Simba, kama alivyotusimulia koko wetu, mama ya baba, kule Fizi kabla hatujavuka ziwa. Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chali kwenye mkeka. Mfanyakazi mmoja wa shirika alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Naye alicheka, akaandika kitu.

Watoto walipotawanyika, jamaa mmoja aliyekuja kumchukua binti yake akabaki nyuma. Tunafahamiana tangu utoto. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote: "Yaya, umesimulia vizuri. Ila umemruka Buku."

Nilitaka kumjibu kwamba watoto ni wadogo, hadithi ni ndefu, muda ulikuwa umekwisha. Sikujibu kitu. Alisema kweli, tena alikuwa na sababu ya kulisema neno hilo kuliko mtu mwingine yeyote kambini. Sababu hiyo nitaifikia. Kwanza naomba tumkalishe huyu Sungura hapa mbele yetu, tumuulize maswali, kwa sababu tumemlea nyumbani mwetu miaka mingi bila kumpekua mifuko.

Kwa wale ambao hawakukua na hadithi hii, naifupisha. Sungura anatembea porini, anaona nyuki ndani ya tundu la mbuyu mkubwa. Peke yake hawezi kurina. Anarudi mjini kutafuta wa kumsaidia. Anapopita mlangoni kwa Buku, yule panya mkubwa wa porini anayejaza chakula mashavuni, Buku anamkaribisha ndani. Sungura anakaa, anapumzika, halafu anasema kwamba baba yake amefariki na amemwachia mzinga wa asali, waende wakale pamoja. Buku anakubali. Wanapanda mbuyu na matita ya nyasi kavu, wanawasha moto, wanawafukuza nyuki kwa moshi, wanaanza kula.

Mara Simba, mwenye asali, anatokea chini na kuuliza ni nani walio juu. Sungura anamnong'oneza Buku anyamaze, eti yule mzee ana wazimu tu. Simba anauliza tena, sasa kwa kunguruma. Buku anashikwa na hofu, anakiri kwamba wapo. Hapo Sungura anamwambia amfunge ndani ya nyasi, amwombe Simba asogee kidogo, kisha alitupe tita chini. Buku anafanya alivyoambiwa. Tita linaanguka, Simba bado macho yake yako juu, Sungura anachomoka na kutimua mbio. Anayebaki juu ni Buku. Anaitwa ashuke, anashuka. Anaulizwa alikuwa na nani, anasema kweli. Simba anamla.

Siku chache baadaye Sungura anakwenda kwa Kobe na mwaliko uleule. Kobe anauliza asali ni ya nani. Anajibiwa kwamba ni ya marehemu baba. Wanakwenda, Simba anakuja, Sungura anaomba tena afungwe kwenye nyasi. Lakini Kobe ameelewa. Anamfunga kweli, halafu kabla ya kutupa anamtangazia Simba kwamba anayekuja ni Sungura. Sungura anakamatwa, na anaponyoka kwa maneno mengine ya uongo. Kobe naye anaponyoka kwa akili zake: anamshauri Simba amsugue kwenye matope ili gamba litoke, na kwenye matope anateleza na kuondoka, huku Simba akisugua jiwe mpaka makucha yanauma. Mwisho Simba anajificha ndani ya nyumba ya Sungura. Sungura anaona nyayo mlangoni, anaisalimu nyumba yake, na Simba kwa ujinga anaitikia kutoka ndani. Sungura anacheka, anakimbia.

Hiyo ndiyo hadithi. Mtu asidhani kwamba Buku nimemtunga mimi ili nipate hoja. Mwaka 1901 George W. Bateman alichapisha huko Chicago kitabu cha hadithi za Zanzibar kwa Kiingereza, na Buku yumo, Kobe yumo, asali ya baba imo. Kwa hiyo huyu Buku amekuwa akishuka kutoka kwenye mbuyu ule kwa zaidi ya miaka 100. Sisi wasimuliaji ndio tunaomruka. Tunakimbilia jiwe linalosuguliwa na nyumba inayosalimiwa, kwa sababu pale ndipo kicheko kilipo.

Sasa nimtetee Sungura kwanza, maana anastahili kutetewa.

Sungura ni mdogo. Hana makucha, hana pembe, hana nguvu. Katika pori lenye simba, tembo na fisi, alichonacho ni masikio, miguu na maneno. Watu walioonewa wamempenda kila mahali kwa sababu hiyo. Ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda wanamwita Bakame. Wasenegali wanamwita Leuk, na mwaka 1953 Senghor, aliyekuja kuwa rais wao, alishirikiana na Abdoulaye Sadji kumwandikia kitabu cha shule. Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani waliendelea kusimulia hadithi zake kwenye mashamba ya pamba, na huko akawa Brer Rabbit. Mtu ambaye hawezi kumpiga bwana wake, hawezi kumshtaki na hawezi kuondoka, anabaki na kitu kimoja: kusimulia usiku jinsi mdogo alivyomzidi mkubwa akili. Sisi wa kambini tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Tunaishi kwa kadi, kwa kibali, kwa foleni, kwa jina lililoandikwa vibaya ambalo linachukua mwaka kurekebishwa. Mtu akipata njia ya kupita pembeni kidogo tunasema: huyu sungura huyu! Na tunasema kwa upendo.

Tena mimi sina shida na wizi wa asali. Hadithi inasema Simba ndiye mwenyewe, lakini haisemi aliipataje. Asali ilitengenezwa na nyuki. Mbuyu uliota wenyewe. Simba anaitwa mwenye mali kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia vingine. Sungura angepanda peke yake, akala, akakimbia, leo ningekaa na watoto na kumpigia makofi.

Shida yangu inaanzia mlangoni kwa Buku.

Tuangalie mambo kwa mpangilio. Nani alimkaribisha mwenzake? Buku. Nyumba ilikuwa ya Buku, kiti kilikuwa cha Buku. Sungura alikaa kwenye kiti cha mwenyeji wake na hapohapo akasema uongo. Na si uongo wa kawaida: alimtaja baba aliyefariki. Kwetu mtu akisema amefiwa, unashusha sauti, unampa pole, humuulizi maswali ya mali. Sungura alijua hivyo. Alichagua maneno ambayo yanamfunga mdomo mtu mwenye adabu.

Halafu angalia alichoficha. Buku hakudanganywa kuhusu asali. Asali ilikuwepo kweli, tamu kweli, na alikula. Alidanganywa kuhusu Simba. Laiti Sungura angesema, "Ndugu yangu, kuna asali kwenye mbuyu wa Simba, yeye huja na kuondoka, twende tukabahatishe," Buku angeweza kukataa, au angekubali akiwa tayari kukimbia. Angekuwa mwizi mwenzake, mshirika. Kwa kunyimwa habari ya Simba akawa ngazi ya kupandia, na baadaye akawa chakula.

Simba alipotokea bado palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Sungura akasema: nyamaza, huyo mzee ana wazimu. Tangu siku ile ya maktaba neno hilo limenikaa kichwani. Mtu yeyote aliyekimbia vita anamjua jirani aliyesema, "Tulieni, hawa wanapita tu." Wengine walisema hivyo kwa kuwa hawakujua. Sungura alijua. Alimtuliza mwenzake ili apate dakika ya kupanga safari yake mwenyewe.

Na ushahidi kwamba alijua uko mwisho wa hadithi, pale tunapocheka zaidi. Aliporudi nyumbani kwake akaona nyayo, hakuingia. Alisimama nje, akapima, akatega swali, akasubiri. Kumbe anajua sana kuuliza kama Simba yupo! Ana macho ya kuona alama na akili ya kuzipima. Akili hiyo yote aliitumia kwa ajili ya shingo yake. Kwa Buku hakutumia hata kidogo. Mtu asiyejua hatari na akampeleka mwenzake huko, tunamwita mzembe na tunaweza kumsamehe. Anayejua kuipima vizuri namna ile, akampeleka mwenzake bila kumwambia, huyo nashindwa kumwita mnyonge asiye na hatia.

Hesabu ya mwisho nayo tuisome. Simba, ambaye ndiye mwonevu wa hadithi, alipoteza asali kidogo na makucha yakamuuma. Alibaki Simba. Aliyelipa kwa maisha yake ni panya aliyefungua mlango. Hadithi tunayoisifu kwamba mdogo anamshinda mkubwa, ukiisoma na Buku ndani yake, inageuka kuwa hadithi ya mdogo anayemlipa mkubwa kwa mwili wa mdogo mwingine.

Na mambo haya hayako kwenye mbuyu ule peke yake. Mnaikumbuka ile ya njaa, Sungura na Fisi wanapokubaliana kila mmoja amuue mama yake ili wale? Fisi anamuua wake kweli. Sungura anamficha wake, na kila siku anakwenda kula kwake kisirisiri. Tunamcheka Fisi kwa ujinga. Na ile ya kisima wakati wa ukame: wanyama wote wanachimba, Sungura anakataa kujichosha, maji yakitoka anakuja usiku kunywa na kuyachafua. Anamhonga mlinzi kwa asali, anamfunga kamba, anakunywa. Ananaswa siku Kobe anapopaka ulimbo mgongoni na kulala majini. Kila mahali desturi ni moja: kuna kazi au gharama ya wote, na Sungura anatafuta wa kumwachia sehemu yake. Hadithi ya kisima ikisimuliwa hapa kambini, siku ambayo bomba limekatika na ndoo zimepangwa tangu saa kumi usiku, wanaocheka hupungua. Tunajua kuchota maji ya watu waliojipanga kuna maana gani.

Mlinganishe na Abunuwasi. Naye ni mjanja, naye ni mwongo. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria kadogo ndani akisema imezaa, jirani anapokea kwa furaha. Siku ya pili anaazima tena na hairudishi, anasema imekufa. Lakini yule jirani alinaswa na tamaa yake mwenyewe: aliyekubali sufuria imezaa hana budi kukubali imekufa. Na Abunuwasi akiitwa barazani kwa Sultani, anakwenda yeye mwenyewe na shingo yake mwenyewe. Kwenye visa vyake nilivyosimuliwa, sikumbuki hata kimoja ambacho ameokoka kwa kumwacha rafiki aliyemkaribisha kwake aliwe badala yake. Ujanja uko wa namna mbili, na tumeuita kwa jina moja.

Sasa nifikie sababu ya yule jamaa.

Nilikuwa na miaka 16, yeye 13. Mgao ulikuwa umepunguzwa. Nje ya mpaka wa kambi kulikuwa na shamba la mihogo, na kutoka bila kibali ilikuwa kosa, kama mnavyojua. Sikuweza kuchimba na kubeba peke yangu. Nikapita kwao. Mama yake alinikaribisha, akanipa uji. Nikamwambia yule mdogo kwamba mzee mwenye shamba ananifahamu, ameniruhusu nichimbe mihogo iliyobaki baada ya mavuno. Hakuna mzee aliyeniambia hivyo. Hakuniuliza kitu, kwa sababu mimi ni yaya wake, na kwetu mdogo hamhoji yaya.

Tulichimba. Tulipoona watu wanakuja kutoka ng'ambo ya shamba, na fimbo, nilimwambia: "Kaa hapa na gunia, nakwenda kuzungumza nao." Nikaingia kwenye mahindi ya jirani kama mtu anayezunguka kuwakabili. Nilipotokea upande wa pili nilikimbia mpaka nyumbani, nikajifunika blanketi saa tisa ya mchana.

Walimleta jioni. Alikuwa amepigwa. Kiganja cha kushoto kilivimba kama mkate, na mpaka leo hakikunjiki vizuri. Ndoo anaibeba kwa mkono wa kulia. Baba yake alitoa mafuta na maharage ya mwezi mzima, na redio, ili mambo yasifike mbele. Alipoulizwa alikuwa na nani, alitaja jina langu. Alisema kweli, kama Buku, na haikumsaidia, kama Buku, maana mimi sikuwapo.

Na hapa ndipo hadithi ilipofanya kazi yake. Vijana wenzangu walipata habari. Hawakunilaumu. Walicheka, wakanipa jina: Sungura. Nililivaa jina hilo kama shati jipya. Kwenye mpira waliniita Sungura, kwenye foleni waliniita Sungura, hata wazazi waliniita hivyo wakitabasamu. Yeye hakupewa jina lolote. Walisema tu kwamba wajinga ndio waliwao.

Methali hiyo ni ya kweli kwa nusu. Inamwambia mtu afungue macho, hapo ni sawa. Ila inamgeuza aliyeliwa kuwa mkosaji na kumwacha aliyemlisha aende zake. Buku alikosa nini? Alikaribisha mgeni. Alimwamini rafiki aliyefiwa. Alishika moto, alisaidia kurina. Alipoulizwa alisema kweli. Ukiyaondoa hayo kwa mtu ili asiwe mjinga, utabaki na jirani wa namna gani? Tukiwafundisha watoto kwamba Buku alikufa kwa ujinga, tunawafundisha kwamba adabu, ukarimu na ukweli ndio ujinga wenyewe. Mimi nilifundishwa hivyo bila mtu kusema neno. Nilifundishwa kwa kicheko tu.

Kuna wazee watakaoniambia kwamba hii ni hadithi ya wanyama, usiipe uzito. Nawaheshimu wazee wangu. Lakini hao hao, mtoto akilia kwa kuogopa fisi, humwambia awe kama Sungura. Hatuwezi kusema hadithi inafundisha siku tunapoitaka ifundishe, na siku nyingine tuseme ni mchezo.

Wengine watauliza: basi Kobe je, si msaliti? Alimtaja mwenzake kwa Simba. Swali hili ni zito mahali kama hapa, ambapo kutaja jina la mtu kunaweza kumharibia maisha. Nimelifikiria sana. Naona hivi: Kobe hakwenda kwa Simba kutafuta zawadi. Alikuwa juu ya mti, mikononi mwake amewekewa kamba ya kumfungia mtu anayetaka kumwacha afe. Alikataa kuwa mfungaji kimya. Wala hakuwa mtakatifu. Aliuliza asali ni ya nani, akapewa jibu la uongo, akaenda. Kuuliza peke yake hakukumwokoa. Kilichomwokoa ni kuangalia mikono: alipoombwa afunge tita, aliona nani atakuwa ndani na nani atabaki juu. Swali kwanza, halafu macho. Watoto wetu wanahitaji vyote viwili.

Kwa sababu mialiko ya asali ipo mingi sana hapa. Kuna anayekuja jioni akisema gari linaondoka Jumapili kwenda kusini, mjomba wake ana kazi huko, lete tu hela ya njia. Kazi labda ipo. Hasemi habari ya mipaka, ya polisi, ya wale waliokosa hewa ndani ya kontena. Kuna anayeomba uweke jina lako kwenye kadi yake kwa mwezi mmoja tu, halafu siku ya kuhakiki yeye hayupo, uko wewe na vidole vyako kwenye mashine. Kuna anayemwambia msichana kwamba mjini wanatafuta dada wa kazi, chakula na malazi juu yao. Ni watu wadogo kama sisi, wana shida kama sisi, ndiyo maana tunawafungulia mlango. Simba angebisha hodi, tungejificha.

Nanyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili, msicheke mkidhani nawasema wakimbizi peke yao. Hapa mara nyingi mnatuona sisi sote kama Sungura: kila jina linashukiwa, kila familia inahesabiwa mara tatu. Nawaomba muwakumbuke kina Buku, ambao ni wengi zaidi na hawana sauti ya kuchekesha. Karatasi ya udanganyifu ikikamatwa, aliyeshikwa nayo mara nyingi ni aliyeachwa juu ya mti. Muulizeni alikuwa na nani, na akisema kweli, msimle. Tena nanyi wenyewe mtuambie asali ni ya nani. Mnapotuita kwenye mkutano, kwenye mahojiano, kwenye picha, mnapotuletea fomu ya kurudi nyumbani mkisema kumetulia, semeni na habari ya Simba pia. Tupeni ubaya na uzuri pamoja, halafu mtuache tuchague. Mtu aliyeambiwa vyote akaamua kwenda, amekwenda kwa miguu yake.

Basi tufanye nini na Sungura? Tumfukuze? Sitaki. Nimekua naye, nampenda bado, na siku Simba anasugua jiwe bado nacheka. Ninachoomba ni kidogo: tumrudishe Buku. Tumsimulie kamili, na kiti chake, na moto aliobeba, na jibu lake la kweli. Tusimpitishe haraka ili tufike kwenye kicheko. Waliotunga hadithi hii hawakumficha. Walimweka mwanzoni kabisa, wakamweka Kobe nyuma yake ili tuone kuna njia nyingine. Walijua wanamsimulia kiumbe wa hatari. Na wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Ndiyo maana siku chache tu baada ya Buku kuliwa, Sungura alikuwa tayari mlangoni kwa Kobe. Kama watu wa pori lile wangemlilia Buku kwa sauti, Kobe angeambiwa mapema.

Nimesikia pia kwamba huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku hawahawa wanafundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Walifanya kazi Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imeondolewa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Buku akinusa bomu anakwaruza juu ya udongo ili mtu anayemwongoza ajue. Nilifurahi kusikia. Mnyama tunayemwita mjinga kwenye hadithi anafanya kile ambacho Sungura hakufanya: anaonyesha hatari ilipo kabla mwenzake hajakanyaga.

Wiki iliyofuata nilirudi maktaba nikasimulia tena, safari hii na Buku. Alipoliwa, watoto hawakucheka. Mmoja akauliza kama Buku alikuwa na watoto. Nikamwambia sijui, koko hakutuambia. Walinyamaza kidogo. Halafu Kobe alipoteleza matopeni walicheka vilevile, labda zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wamemwogopea.

Makala hii nilikwenda kumsomea yule jamaa nyumbani kwake kabla ya kuileta hapa. Mke wake alinipa kiti na chai. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo mimi kulitaja jambo lile mbele yake na kuomba msamaha kwa maneno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakubali ichapwe, ila nisiandike jina lake. Kuhusu msamaha alisema tutazungumza siku nyingine, na nimekubali kusubiri.

Alisahihisha kitu kimoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba niliondoka gunia likiwa limejaa. Hapana, alisema. Lilikuwa nusu. Yeye ndiye aliyekuwa bado anachimba.